Tunataka watalii Wamunyu, tuanze na nembo?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mimi nafanya kazi ya grafiki hapa Umoja, kwetu ni Wamunyu, Machakos. Sisi watu wa nyumbani tulio Nairobi tuna grupu ya WhatsApp na tumechanga pesa kidogo ya kutangaza mji wetu ili watalii waje, sasa mimi nikapewa kazi ya nembo na kaulimbiu. Wazee wanataka simba chini ya mti, na pesa yote iende kwa bango kubwa barabarani. Moyo wangu umekataa lakini nitawaambiaje? Msomaji, Umoja.

JIBU: Moyo wako uko sawa kabisa. Simba mtalii anamwona hapa hapa Nairobi National Park, kama kilomita 7 tu kutoka katikati ya jiji, sasa apande gari mpaka Wamunyu kutafuta simba ambaye hata hayuko? Waambie wazee hivyo kwa heshima, watakusikia, maana mna kitu kikubwa zaidi: uchongaji wa vinyago wa Wakamba ulianzia kwenu, ukaanzishwa na Mutisya Munge, aliyerudi kutoka vita vya kwanza vya dunia na ujuzi alioupata kwa Wazaramo kule Tanganyika. Hiyo stori ni mtaji jamani na mmeikalia tu!

Angalia Iten, ule mji wa wakimbiaji kule Elgeyo-Marakwet. Bango la "Home of Champions" kila mgeni anapiga picha hapo, lakini lilikuja mabingwa washakuwepo. Mji uko juu mita kama 2,400, una shule ya St. Patrick's alikosoma Peter Rono, yule wa dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, baadaye David Rudisha naye akanolewa hapo hapo mjini, na ukifika asubuhi unakuta wakimbiaji kweli wako barabarani.

Kwa hivyo pesa yenu ijenge kibanda safi chenye choo, mgeni akae na mchongaji, aone tezo ikimega gogo mpaka shingo ya twiga itokee, halafu apewe msasa asugue mwenyewe, apake kiwi ya viatu, aende na twiga wake nyumbani. Hiyo atawaonyesha wenzake kuliko bango lolote. Na msifiche mambo ya miti, muhugu, ule mti wa vinyago, umekatwa sana, chongeni mwarubaini na mwembe, mpande mingine, na mseme hivyo wazi kwa sababu wanunuzi wengi wanauliza.

Nembo sasa: chora tezo tu, mistari michache, rangi moja, iwe inaweza kuchomwa kwa chuma cha moto chini ya kila kinyago. Isajilini KIPI, ile ofisi ya serikali ya kusajili nembo za biashara kule South C, kwa jina la kikundi, sio la mtu mmoja, la sivyo mtakuja kugombana.

Halafu wachongaji wenyewe wako kwa hiyo grupu? Kama hawako waongezeni leo, kabla hujafungua kompyuta.