Usiongeze kimo cha tuta kabla hujachimba nyuma yake

Mkuu, simamisha hiyo oda ya mawe. Umeuliza kama tuta lenu la kando ya mto Mirongo, huko Mabatini, Mwanza, mliongezee ukuta wa mita moja au mlivishe gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe), itagharimu kiasi gani, na kibali mnakipata wapi. Jibu hili kwanza: chini ya hilo tuta kuna udongo gani?

Mtaani kwetu hakuna aliyeuliza. Tulichanga, mkandarasi akaja, akatazama mto, akasema jenga ukuta juu, maji hayataruka. Kweli hayakuruka. Yalipita chini. Mirongo unashusha mchanga wa hivi vilima vyetu vya granaiti, na tuta letu lilikalia mchanga huohuo. Ukuta ulipoyazuia maji yakasimama juu kuliko zamani, msukumo ukaongezeka, na upande wa nyumba zikaanza kububujika chemchemi za tope, kila moja na kichuguu chake cha mchanga.

Lile tope ni ardhi iliyobeba tuta inaondoka. Punje zinatoka, tundu linarefuka kurudi mtoni, na likifika huko tuta linaketi. Tukampigia mkandarasi. Akasema zibeni kwa zege! Tukaziba, na maji yakaibukia chini ya msingi wa jirani. Nyumba ikapasuka. Chemchemi ya namna hiyo haizibwi, wakuu. Unaizungushia viroba vya mchanga, maji yapande ndani ya duara hadi yatoke safi, maana yakiwa safi hayabebi udongo. Mtu asiyejua hilo asichukue pesa ya watu kujenga kingo, na huyu bado anapewa kazi hapa mjini. Inaniuma sana.

Hata New Orleans, Marekani, mwaka 2005 yalitokea. Ukuta wa mfereji wa 17th Street ulianguka maji yakiwa hayajafika juu yake. Udongo wa chini ndio ulioteleza. Mfereji wa London Avenue nao, maji yalipenya kwenye mchanga chini ya ukuta. Kimo kilikuwepo.

Kuna kanuni ya zamani ya mhandisi Bligh, ya wajenzi wa mabanio: kwenye mchanga laini, njia ya maji chini ya ujenzi iwe mara 15 ya tofauti ya kimo cha maji pande mbili. Maana yake ukizuia mita 1 zaidi ya maji, unadaiwa mita 15 zaidi za njia. Utazipata kwa kupanua kitako cha tuta upande wa nyumba, kama nafasi ipo. Isipokuwepo, chimba handaki lifike kwenye udongo usiopitisha maji, ulijaze udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, au simika mabamba ya chuma. Gabioni zinazuia mmomonyoko wa uso tu, na bila kitambaa cha kuchuja nyuma yake mchanga unatokea kati ya mawe.

Walio karibu na mdomo wa mto wawe makini zaidi. Ziwa Victoria lilipopanda 2020 na tena 2024 halikushuka kwa siku mbili tatu, na tuta linaloloa muda mrefu ndilo linalopenyezwa.

Kwa hiyo chimbeni mashimo nyuma ya tuta sasa kabla ya vuli, muda huu maji ya ardhini yakiwa chini. Leta hapa picha za udongo wa kila shimo, na kina ulichokutana na mchanga. Huo ukuta tutauzungumza baada ya hapo.