Usikimbize namba ya presha

Wadogo zangu mnaoanza zamu za dharura, niwaambie kosa langu la mwaka wa kwanza. Mzee aliletwa na presha 220/130, kichwa kikimgonga, basi. Nikamwekea nifedipini, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi, kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Nusu saa baadaye mashine ikasoma 118/70, nikajipongeza. Haikupita muda, mkono wa kulia ukagoma kuinuka.

Ubongo hujilinda wenyewe. Presha ikipanda mishipa yake midogo hujibana, ikishuka hutanuka, damu inayofika ibaki ileile. Kwa mtu mzima wa afya inawezekana wastani wa presha (namba moja inayotokana na zile mbili, hesabu yake iko hapo chini) ukiwa kati ya 60 na 150 hivi. Aliyeishi na presha miaka, mishipa yake imezoea huko juu. Yule mzee, 118 yangu ilikuwa ukame kwake.

Upande wa pili ni presha inapoishinda mishipa: inaachia, maji yanavujia nje, na ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Mara nyingi haiji kwa kishindo kama kiharusi, inajijenga kwa saa kadhaa hata siku mbili. Mama mmoja aliletwa tukiambiwa malaria imempanda kichwani. Ametapika tangu jana. Aliniuliza mara nne kama chai imechemka, akasema taa zetu zina ukungu. 236/142. Kabla sijamaliza kuandika, mwili ukakakamaa, akaanza kutetemeka.

Anayechanganyikiwa pimeni sukari kwanza, hata kama presha inatisha. Rudieni presha kwa mkanda unaotosha mkono (mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza namba), mikono yote miwili. Mwambieni atabasamu, anyanyue mikono. Upande ukilegea, fikirieni kiharusi na mtafute CT scan (picha ya ubongo) mapema, kwa sababu malengo ya presha hubadilika. Mjamzito au aliyejifungua karibuni akitetemeka hivyo ni kifafa cha mimba mpaka ithibitike vingine, hata kwa 160/110, na dawa yake ya kwanza ni magnesiamu salfeti.

Yule mama tulimpa labetalol, dawa ya kushusha presha, kwa mshipa, kidogo kidogo, tukipima kila dakika chache. Saa ya kwanza msishushe wastani zaidi ya robo. Wastani ni namba ya chini mara mbili, jumlisha ya juu, gawanya kwa tatu. Wake ulikuwa 173, tukalenga 130, yaani kama 180/105. Mwanawe alikasirika: "Dokta, mbona bado iko juu?" Nilimweleza mara tatu. Mtalizoea swali hilo, na msikubali liwaharakishe.

Asubuhi mama hakukumbuka lolote, aliulizia kandambili zake tu. Dawa za presha alikuwa ameziacha tangu Pasaka, kwa kuwa alijiona mzima.