Mama anataka kulipa ili aongee na marehemu baba

Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Makorora, Tanga. Baba alifariki mwaka jana na mama ametoka eda si zamani. Juzi alikuja mtu mjini anayedai anaongea na marehemu, akafanya onyesho ukumbini. Tulilipa kiingilio kwa simu, na mlangoni tukaandika kwenye karatasi majina ya marehemu wetu. Jukwaani akasema anamwona mzee, jina lake linaanza na M, anashika kifua, kazi yake ilikuwa karibu na maji. Mama akaangua kilio, maana baba alikuwa mtu wa bandarini. Kisha akaambiwa kifo hicho kina mkono wa mtu wa karibu, mweupe, na mengine atayasikia faragha kwa shilingi 150,000. Sasa mama hali chakula cha mke wa baba mdogo. Nikisema ni utapeli, ananijibu kwamba sikumpenda baba. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mama yako si mjinga. Nalitanguliza hilo kwa sababu ukimwambia "umetapeliwa", yeye anasikia "huna akili". Mwanamke aliyeishi na mumewe miaka yote hiyo, akiambiwa mzee anasema usilie, atatoa chochote alicho nacho. Yule bwana anakula kupitia uchungu huo, na ndiyo maana nina hasira naye.

Yatazame maneno yake. Ukumbi mzima wa watu wa Tanga, nani hana marehemu wa herufi M? Mohamedi, Musa, Mbaruku, Mwanaidi, Mwanahamisi, Mariamu, na wakikosekana wote hao kuna mjomba na mama. Anashika kifua: presha, pumu, moyo, wazee wangapi wameondoka kwa mengine? Karibu na maji, katika mji wa bandari na wavuvi! Maneno hayo yalirushwa kwa ukumbi wote. Mama alipolia ndipo yakawa yake, na kuanzia hapo yule bwana alikuwa akisoma uso wake. Muulize mama, kwa upole, ni mara ngapi usiku ule alitaja kitu na hakuna aliyeitikia. Yapo, ila watu hutoka wanakumbuka yaliyogonga tu.

Halafu ile karatasi ya mlangoni, mwanangu. Na malipo ya simu humwonyesha mpokeaji jina lako lililosajiliwa. Akilitafuta Facebook, na kama mliweka picha za baba kule, amemaliza kazi. Marekani mwaka 1986 mhubiri Peter Popoff alikuwa akiwaita watu kwa majina, akiwatajia magonjwa na hata mitaa yao, akisema amefunuliwa na Mungu. James Randi, mwanamazingaombwe aliyewafuatilia watu wa namna hii, aliingia na wenzake wakiwa na redio ya kunasa mawimbi. Kwenye 39.17 MHz wakamsikia mke wa Popoff akimsomea mumewe sikioni yale ambayo waumini wenyewe walikuwa wameyaandika kwenye kadi. Randi huyohuyo aliweka dola milioni 1 kwa yeyote atakayeonyesha uwezo kama huo katika jaribio walilokubaliana pande zote. Dau hilo lilifungwa mwaka 2015, na hakuna aliyelichukua.

Pesa ni jambo moja. Linaloniogopesha ni "mkono wa mtu". Hapo ametoka kwenye maonyesho akaingia kwenye ramli chonganishi, hata kama amevaa suti na ameshika maikrofoni. Nchi hii tumezika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, na mwaka 2015 serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. "Wa karibu, mweupe": hakumtaja mtu, kamwachia mama amtafute, na mama amempata nyumbani kwa shemeji yake. Mwanamke yule huenda ndiye aliyekesha nanyi jikoni wakati wa matanga. Leo sahani yake inarudi ilivyo, na hajui kosa lake.

Kwa hiyo anza huko. Nenda kwa baba mdogo mwenyewe, mweleze yaliyotokea kabla hajayasikia mtaani, na umwombe asije kugomba. Aje tu kukaa na shemeji yake, wamzungumze marehemu. Mama hajapata mtu wa kumzungumza mumewe naye; ninyi watoto mnanyamaza mkidhani mnamwonea huruma. Mwulize walivyoonana mara ya kwanza, mzee alipenda kula nini, alikuwa akigombania nini. Kama anataka kumfanyia kitu baba, msomeeni hitma, atoe sadaka kwa jina lake. Hayo hayana kiingilio, na hayamtoi mtu yeyote kwenye ukoo.

Hiyo 150,000 usimnyang'anye wala usiifiche. Mwombe asubiri mpaka baba mdogo afike. Kama ameshaituma, usifute ujumbe wa muamala; hifadhi na namba iliyopokea, kisha mwende polisi mkiwa na mtu mzima wa familia. Na kama mafao ya baba hayajatoka, habari hiyo isimfikie mtu huyo kabisa.