Harufu ya Ndimu Niliyoipuuza

Riwaya za upelelezi nimezisoma tokea nikiwa skuli hapa Wete, na aliyenifunza kuzisoma ni Muhammed Said Abdulla. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960, nimeirudia mara tatu nikimfuata mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Kwa hivyo nilipoazimwa riwaya ya Kiingereza ya mauaji, yenye wanawake wawili wanaopendana, niliamini muuaji nitamjua mapema. Sikumjua.

Jina la kitabu silitaji, maana nataka kueleza mwisho wake. Mama mwenye nyumba ya wageni anakufa kwa sumu iliyotiwa ndani ya samaki wa chakula cha usiku. Mpelelezi ni mwanamke, naye amempenda mgeni mmoja, mwalimu wa muziki. Jioni ileile, kabla ya chakula, wawili hao wanakutana bustanini. Mikono ya mwalimu inanukia ndimu, na mpelelezi anaibusu. Ukurasa ule niliusoma mara mbili kwa utamu wake tu.

Ndimu! Mimi niliyekulia Pemba, ambaye kila nikimaliza kupara samaki najisugua vidole kwa ndimu kutoa shombo. Ilinipasa nijue kuwa mwalimu katoka kushika samaki, na kuwa muuaji ndiye yeye. Lakini nilitaka sana wapendanao wale wapatane, basi harufu ile nikaihesabu kuwa sehemu ya mapenzi yao.

Kwa hiyo, ukisoma kitabu cha namna hii, pahala pa mapenzi ndipo pa kusoma kwa makini zaidi. Mwandishi anajua kuwa hapo msomaji huacha kutazama saa na mikono. Ukimaliza kufurahi, rudi usome tena kama unasikiliza maelezo ya shahidi: nani katoka wapi, ananukia nini, nani kamwita mwenzake. Yule mwalimu ndiye aliyemwita mpelelezi bustanini. Ilinipasa nijiulize kwa nini saa ile.

Sasa naweka daftari. Upande mmoja naandika ninaowapenda na ninaowachukia, upande wa pili walioweza kutenda. Mimi nilimshikilia mtalaka wa marehemu, kwa ukali wake, ingawa anaingia hadithini sura ya tisa. Ronald Knox, padri Mwingereza aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya hizi, aliandika kanuni 10 mwaka 1929, na ya kwanza yasema mhalifu lazima atajwe mapema, wala asiwe mtu ambaye msomaji ameonyeshwa mawazo yake. Mwalimu wa muziki yumo tangu ukurasa wa pili, na mawazo yake hatukuambiwa hata mara moja.

Liko na kosa jengine, nalo kwangu ni zito zaidi. Dada yangu wa Chake Chake alimshuku mwalimu tangu mwanzo, kwa sababu tu ni mwanamke anayependa mwanamke. Akapatia. Nilimwambia hiyo si dalili, ni kumhukumu mtu kabla hajatenda lolote. Mpelelezi naye anapenda vivyo hivyo, na ndiye aliyetafuta haki ya marehemu hadi mwisho. Akanijibu kwamba jibu ni jibu. Nikamuomba anionyeshe ushahidi wake kitabuni. Alipekua kurasa muda mrefu. Ndimu hakuwa ameiona.