Binti anavaa lineti na anataka kuwa piloti, niuze parsele?

SWALI: Jambo kwenu ba gazeti. Mimi niko baba ya watoto ine, tunaishi Katuba hapa Lubumbashi. Binti yangu wa kwanza eko na miaka 18, amepata diploma ya Leta mwaka huu, na tangu utoto anapenda ndege, tukipita njia ya Luano anasimama kuangalia mpaka ndege ipotee mu mawingu. Sasa anataka kusoma upiloti Afrika ya Kusini na mimi niko tayari kuuza parsele moja. Lakini anavaa lineti tangu sekondari, wajomba zake wanasema mwenye lineti hawamkubali hata siku moja, tena eko AS, ni kusema anabeba ugonjwa wa seli mundu bila kuugua, na mdogo wake eko SS, yeye anaugua. Niuze ao niache? – Baba wa Katuba

JIBU: Papa, usiuze kwanza, lakini si kwa sababu ya lineti. Wajomba wanarudilia maneno ya zamani. Kanuni za ICAO, shirika la dunia la mambo ya ndege, zile nchi zinafuata na Kongo yetu pia imo, zinaomba piloti wa kazi, wanaita klasi ya 1, kila jicho peke yake lifike 6/9 (kusoma kwa mita 6 kile jicho zima linasoma kwa mita 9) na yote mbili pamoja 6/6, na imeandikwa wazi kwamba ni kwa lineti ao bila lineti. Kwa hiyo kama na lineti zake anasoma vizuri, hapo anapita, ila kazini atazivaa kila siku na atabeba zingine za akiba, maana zikivunjika kule juu hakuna pa kununua.

Mimi njo naogopa kipimo cha rangi. Mtoto wa dada yangu alilipa shule pesa ya mwaka mzima, akashona na unifomu, tukapiga picha familia yote, kisha munganga akamfungulia kile kitabu cha vidoto vya rangi wanaita Ishihara, pale wengine wanasoma 74 yeye akasoma 21, nyekundu na kijani vinamchanganya na hakuna hata mmoja kwetu aliyekuwa anajua. Pesa haikurudi. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu kipimo chenyewe ni cha dakika chache tu na kingefanywa mbele ya kulipa. Na hawaombi rangi bure, papa: pembeni ya kiwanja cha ndege kuko taa ine, piloti akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu anajua anashuka sawa, zote zikiwa nyekundu yuko chini sana. Kasoro hiyo inashika wavulana kuliko wasichana, lakini binti apimwe tu. Akikosa kitabu, kuko nchi zinamupa nafasi ingine ya kusoma rangi za taa.

Kuhusu damu, AS kwa kawaida haimzuii. SS njo shida, kwa sababu oksijeni ikipunguka chembe za damu zinajikunja na kuziba mishipa, na ndege kubwa ikiwa juu kabisa hewa ya ndani inaweza kuwa kama ya mulima wa mita 2,400, wakati sisi Lubumbashi tuko kwenye 1,200 na kitu hivi. Aseme wazi kwamba eko AS, asifiche. Watamuuliza pia kama aliisha kuanguka kifafa, watasikiliza masikio, watapima moyo na ile mashini ya kuchora mapigo, mkojo, tensio. Sukari ya kujidunga insulini inafunga njia mu nchi nyingi.

Sasa fanyeni hivi. Ulizeni shule: leseni itakuwa ya nchi gani? Kisha mumtafute munganga anayekubaliwa na mamlaka ya anga ya nchi ile, si munganga yeyote tu, maana karatasi ya lopitali ya kwetu hawataipokea, na nchi ingine inaongeza masharti yake juu ya yale ya ICAO. Kama atataka leseni ya Kongo ni kuuliza AAC, mamlaka ya anga ya Kongo, kule Kinshasa. Tena mjue karatasi ya munganga huyo si ya maisha, klasi ya 1 inadumu miezi 12 halafu anapimwa upya, na akizeeka inaweza kuwa kila miezi 6.

Tiketi ya kwenda kupimwa na pesa ya munganga si bei ya parsele, papa. Muanze na hiyo. Binti akirudi na klasi ya 1 mkononi, njo muite mwenye kununua.