Jibu: "Borrow" na "lend" hutumikaje?

Dada, umeuliza kwa nini bosi wako huko Upper Hill alikusahihisha uliposema "borrow me your charger", ilhali Nairobi nzima tunasema hivyo. Chanzo ni Kiswahili chetu. Kitenzi kuazima kinabeba pande zote mbili: "nimeazima chaja kwake" na pia "niazime chaja yako". Kiingereza kimezigawa. Anayepokea hutumia "borrow", anayetoa hutumia "lend". Ukifikiria kukopa na kukopesha, utaiona tofauti hiyo mara moja.

Sarufi ndiyo inayotusumbua zaidi. "Lend" hukubali yambwa mbili, yaani anayepewa na kitu anachopewa, kwa hivyo "lend me your charger" ni sahihi, na "lend your charger to me" pia. "Borrow" huchukua kitu kinachoazimwa tu, kisha "from" humtaja mwenyewe: "I borrowed a charger from Mary". Kwa hiyo "borrow me" humaanisha wewe ndiye unayeazimwa, na ndiyo maana bosi alishtuka.

Wakati uliopita ni "lent", si "lended". Ukiomba kitu kwa mkubwa, mimi napendelea "May I borrow your charger?", ni ya adabu zaidi kuliko "lend me" tupu.