Kubadili kirungu cha bolti nyumbani: kabla hujanunua, jua mkono umeshikwaje

Wakuu, naulizwa sana hili na jamaa zetu walioko Marekani ambao wameanza kuwinda, hasa wa huku kaskazini Minnesota na Wisconsin ambako msimu wa kulungu kwa raifo ni Novemba na baridi ishaanza kuuma vidole. Malalamiko ni yale yale, kirungu cha bolti (bolti ni kile chuma unachovuta na kusukuma kuingiza risasi, mkono ndo unaokishikia, na kirungu ni kile kidude cha mwisho wa mkono) ni kidogo, glavu nene haikishiki vizuri, ukishapiga risasi ya kwanza unataka kuvuta bolti uingize ya pili mkono unateleza na mnyama ndo keshaenda zake. Kubadili nyumbani inawezekana, mi nimejifanyia kwenye zangu na nimewafanyia washkaji pia, na kwa bunduki nyingine ni kazi ndogo tu ya mezani. Ila kuna bunduki ambazo hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine, na hapo ndo watu wanapoharibu, maana mtu anaanza kwa kununua kirungu kizuri alichokiona mtandaoni, kikishafika nyumbani ndo anauliza kinafungwaje. Anzia upande wa pili. Tazama kwanza mkono wa bolti yako umeshikwa na nini, halafu kirungu kimeshikwa na nini kwenye huo mkono, pesa itoke baadaye.

Na kabla hata ya hapo toa magazini, fungua bolti, angalia chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho na uguse kwa kidole uhakikishe hamna kitu, halafu risasi zote zipeleke chumba kingine, sio pembeni ya meza, chumba kingine kabisa. Nasema hivi hata kwa mtu aliyewinda maisha yake yote kwa sababu hii kazi itakufanya utoe na kuingiza bolti mara nyingi sana na kuna muda akili yote iko kwenye skrubu. Watoto wasiwepo chumbani. Miwani ya kukinga macho vaa, kuna springi kali mle ndani.

Sasa mikono yenyewe. Zile Mauser 98 za zamani mkono na bolti ni chuma kimoja, umefuliwa pamoja, hakuna cha kufungua pale, ukitaka kirungu kingine ni kukata na kuchomelea au kukata thredi (mifuo ya skrubu), mpelekee fundi na usipoteze muda. Remington 700, ambayo ipo toka 1962 na utaikuta kwa watu wengi sana huku, mkono wake haujafungwa kwa skrubu na wala sio chuma kimoja na bolti, umelehemiwa kwa lehemu ya fedha. Kwa nje huoni kitu, unaona chuma safi, na ndo maana watu wanadanganyika wanachukua tochi ya gesi wanapasha kirungu moto wakitaka kukikunja au kukichomelea kingine. Joto halikai ulipoliweka, linakimbia kwenye mkono mpaka kwenye shina lake, pale unapoungana na bolti, na lehemu ikilainika mkono unasogea kidogo tu, hata kwa macho usione.

Naomba niseme kwa nini kusogea huko ni kubaya, maana wengi wanadhani mkono ni wa kushikia tu. Ukiinua mkono, shina lake linateleza kwenye mteremko uliochongwa nyuma ya risiva, ule mwili wa bunduki ambamo bolti inakaa, na ule mteremko ndo unaoisukuma bolti irudi nyuma kidogo kwa nguvu kubwa kabla hujaanza kuvuta. Ule msukumo wa kwanza ndo unalibandua ganda la risasi lililokwama kwenye chemba. Mkono ukisogea, shina haligusi tena pale linapotakiwa kugusa, msukumo unapotea, na siku ganda limenata utapiga mkono kwa kiganja na bolti haitoki. Halafu joto likizidi likafika kule mbele kwenye yale masikio mawili ya bolti yanayojifunga ndani ya risiva, umelainisha chuma ambacho ndo kinazuia presha yote ya risasi isirudi usoni kwako. Kwa hiyo Remington 700 nyumbani usiiwekee moto wowote, hata kidogo. Kuna virungu vya kubana vinauzwa, vipande viwili vinakumbatia kirungu cha zamani halafu unafunga kwa skrubu ndogo za alenki, bila kukata chochote. Havina mvuto sana lakini vinafanya kazi, na ukitaka kirudi kama kilivyokuwa unafungua tu. Ukitaka cha kudumu fundi atachonga kirungu cha zamani na kukata thredi mwishoni mwa mkono.

Tikka T3 na T3x ndo bunduki ninayompendekezea mtu anayetaka kujaribu mwenyewe. Hizi zinatengenezwa na Sako kule Riihimäki, Ufini, na waliounda hiyo bolti walifikiria vizuri sana, mkono ni kipande cha peke yake, unaingia kwenye mfuo ubavuni mwa bolti, na kinachouzuia usitoke ni pini ya kufyatulia, ile inayogonga kitako cha risasi, inayopita katikati ya shina la mkono. Yani ukitoa pini, mkono unatoka wenyewe. Unashika mwili wa bolti kwa kitambaa kisiteleze, unazungusha kile kifuniko cha nyuma mpaka springi iachie, utasikia inaruka mbele kwa nguvu kwa hiyo shikilia kisawasawa, halafu unavuta pini na springi yake kwa nyuma, unauvuta mkono kwa pembeni. Basi. Unaingiza mkono mpya ambao tayari una kirungu au una thredi, unarudisha pini, na hapa pana kitu kimoja watu wanahangaika nacho: lazima uzungushe kile kifuniko mpaka springi ijikoki tena, yaani ikae imevutwa tayari kufyatua, na kile kijino kikae kwenye notchi yake, bila hivyo bolti haitaingia kwenye bunduki na utaanza kudhani mkono mpya ni mbovu. Bolti ikigoma kuingia usiilazimishe, angalia hiyo koki kwanza.

Kwa kuwa umeshafungua, safisha ile springi ya pini. Futa grisi yote ya zamani na uache mafuta mepesi kidogo sana, maana grisi nzito kwenye baridi ya huku inaganda, pini inakwenda polepole na risasi haiwaki.

Savage 110 nayo ni rafiki, mkono unakaa kama pete nyuma ya bolti na skrubu kubwa ya nyuma kabisa ndo inashika kila kitu. Ila humo kuna vipande kadhaa vinavyofuatana, piga picha kwa simu kila hatua na uvipange mezani kwa mpangilio vilivyotoka.

Kwa bunduki ambazo kirungu ni cha kuzungusha, au umeshanunua mkono wenye thredi, saizi utakayoikuta zaidi ni 5/16-24, maana yake kipenyo cha inchi tano juu ya kumi na sita na thredi 24 kwa kila inchi. Kwa milimita hiyo ni kama 7.9, ndo maana mtu aliyezoea M8 za gereji anadhani ni kitu kimoja. Sio kimoja. Kirungu cha M8 kitaonekana kinaanza kuingia, kitazunguka kidogo halafu kinakaza, na mtu akikaza zaidi kwa spana thredi zote mbili zimeliwa. Kirungu sahihi unakizungusha kwa vidole viwili mpaka mwisho bila kulazimisha chochote, na kinakaa kimegusa bega la mkono pande zote, hamna upenyo.

Kuhusu kirungu gani, mi nina msimamo wangu. Vile virungu vikubwa virefu vya walenga shabaha ni vizuri sana ukiwa umelala chini uwanja wa shabaha siku nzima, lakini kwa mtu anayetembea porini na bunduki begani virefu vinanasa kwenye matawi na kamba za begi, na kikinasa kinainua mkono, unafika mahali unakuta bolti imefunguka na hujui toka saa ngapi. Chukua cha wastani, cha mviringo au chenye umbo la yai, chenye mikwaruzo midogo ya kushikia. Chuma cha pua kinavutia ila ni kizito na kwenye baridi kinauma hata kupitia glavu nyembamba, alumini ni nyepesi lakini nayo inashika baridi, plastiki ngumu ndo ninayoipenda kwa kuwinda Novemba ingawa watu wengi wanaidharau.

Vaa zile glavu zako za kuwindia, usijaribu kwa mkono mtupu, halafu inua mkono wa bolti mpaka mwisho na uangalie skopu, ile darubini ya kulengea. Tikka inainuka nyuzi 70 tu kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha, Remington 700 inainuka 90 na kirungu kikiwa kinene vidole vyako vinagonga jicho la skopu. Kisha funga bolti na upitishe karatasi ya kawaida kati ya mkono na kitako. Karatasi lazima ipite. Mkono ukigusa mbao au plastiki ya kitako kabla bolti haijashuka mpaka mwisho wake, masikio ya mbele hayajafunga kikamilifu, na bunduki ya namna hiyo usiipige mpaka urekebishe.

Ukiridhika ndo unafunga moja kwa moja. Toa mafuta kwenye thredi kwa spiriti, acha ikauke, weka tone moja la Loctite ya bluu, ile gundi ya kushika thredi, moja tu, kaza kwa mkono halafu kidogo zaidi ukiwa umefunga kipande cha ngozi usikwaruze, iache mpaka kesho. Nyekundu usiguse kwa sababu ili uje kuifungua baadaye unahitaji kupasha moto, na moto nimeshasema mengi. Halafu chukua rangi ya kucha, ya wifi au ya dada, chora mstari mwembamba unaovuka kutoka kwenye mkono kwenda kwenye kirungu. Mstari ukikatika siku moja, kirungu kimezunguka na umeona kabla hakijadondoka porini kwenye theluji.

Jaribu kwa risasi bandia kwanza, ingiza na kutoa, haraka na polepole, bunduki imeelekezwa mahali salama, ndo uende uwanja wa shabaha na risasi za kweli. Baada ya risasi za mwanzo tazama tena ule mstari.

Suala la sheria nalo msilipuuze. Hapa Marekani kirungu au mkono wa bolti unanunua kama kipuri chochote, kwa sheria ya shirikisho kinachohesabika bunduki ni risiva. Ila usije ukakitia kwenye boksi la nguo umpelekee shemeji Arusha, vipuri vya bunduki vina masharti yake ya kutoka nje ya nchi na kule vinapoingia pia. Na walioko nyumbani wenye raifo za kibali, Tanzania mna sheria ya silaha ya 2015 na Kenya ni Sura ya 114, zote ni kali, kwa hiyo kabla hujafungua bolti ongea na ofisi iliyokupa kibali wakwambie fundi anayetambulika ni nani.

Mkono au kirungu cha zamani usitupe, tia kwenye mfuko na uandike ni cha bunduki gani, siku ukitaka kuuza wanunuzi wengi wanataka bunduki na vitu vyake vya kiwandani.